Mkasi wa Bakteria na Tumbo la Papa Kyungu

Kitu cha kwanza nilichofundishwa kazini ni kwamba ndani ya maabara hakuliwi chochote. Aliyenifundisha alikuwa anatafuna karanga. Alipoona namtazama, alivuka kizingiti, akamalizia karanga zake akiwa nje, akapangusa mikono kwenye suruali na kurudi kuendelea na somo. Huyo ndiye Papa Kyungu, wakati huo mzee wa maabara yetu. Karibu kila ninachokijua kuhusu bakteria nilikipata kwake, pamoja na tabia ya kubishana.

Nawaandikia ninyi mnaoanza kazi hii hapa Likasi, ambao makoti yenu meupe bado yana mikunjo ya dukani. Langu nimelirudisha, nimestaafu. Jina langu ni Ngalula, lakini watu wa mtaani kwangu huniita Mama Mikrobe, yaani Mama Vijidudu, na nimeshazoea. Baba yangu aliletwa kutoka Kasai kuja kuchimba shaba, na aliposikia nimepata kazi hospitali alifurahi sana, mpaka alipoelewa kwamba kazi yenyewe ni kutazama vinyesi vya watu kwa hadubini. Tangu siku hiyo aliwaambia marafiki zake kwamba niko kwenye utawala.

Nitawasimulia kuhusu vimeng'enya, hasa vile ambavyo bakteria huvitumia kukata na kuunga uzi wake wa urithi, ule ambao vitabu vya Kifaransa huuita ADN na vingine DNA, na ambao husomwa kama maandishi ya herufi nne. Najua mmesoma hayo shuleni. Hata mimi nilisoma. Nilipata alama nzuri na sikuelewa kitu.

Nilielewa alasiri moja ambayo haikuwa na wagonjwa wengi. Papa Kyungu alichukua kwenye mkoba wangu uzi wa kusukia nywele, wa nyuzi mbili zilizosokotwa pamoja, akafunga ncha zake ukawa duara. Akaniambia niingize kidole kati ya nyuzi hizo mbili nizitenganishe. Nikazitenganisha. Kadiri nilivyotenganisha upande mmoja, upande wa pili ulijisokota zaidi, mwishowe ukajikunja mafundo mafundo kama waya wa simu za zamani.

Akanieleza kwamba uzi wa bakteria una urefu wa karibu mara elfu moja ya mwili wake, nao umekunjwa humo ndani, na mara nyingi ni duara, hauna ncha ya kuanzia kufungulia. Na bakteria anatakiwa kuunakili wote kabla ya kugawanyika, haraka, bila kusimama. Akaniuliza ningefanya nini kama ningekuwa mimi. Nikasema ningefungua polepole. Akasema ndiyo maana mimi si bakteria.

Kisha akachukua mkasi, akakata nyuzi zote mbili mahali palipojisokota, akapitisha kipande kingine cha uzi kwenye uwazi ule, na kuunga tena pale pale. Fundo likalegea. Akasema kuna kimeng'enya kinachofanya kazi hiyo, kinaitwa jirazi, nacho hukata, hupitisha na kuunga bila kuachia ncha hata mara moja. Mkono mmoja una mkasi na gundi. Uzi wangu haukufaa tena kusukia.

"Na sipro?" nikamuuliza. Mnaijua sipro, kidonge cha kuua bakteria. Hapa kwetu homa ni sipro, tumbo ni sipro. Nimeshaona mtu akimeza sipro kwa sababu ametegua kifundo cha mguu.

"Sipro inamushikaka fundi mukono wakati uzi iko wazi," akasema. "Amekata, hajaunga. Pale njo anakufiaka."

Sijawahi kusikia maelezo bora kuliko hayo, na nimehudhuria mafunzo kadhaa yenye chakula cha mchana.

Aliniongezea jambo moja, nanyi mlishike vizuri. Bakteria ana mafundi wengine wa dharura. Uzi ukikatika hovyo, hao huamka. Wapo wanaounga vizuri, na wapo wanaounga kwa pupa, wakifika mahali pasiposomeka wanabandika herufi yoyote ili kazi iendelee. Dawa ikiwa nyingi ya kutosha, bakteria hufa kabla mafundi hao hawajafika mbali. Dawa ikiwa kidogo, unawaamsha na kuwaacha hai, nao wanaunga wakikosea. Makosa mengi hayana faida. Lakini likitokea moja linalobadilisha umbo la jirazi yenyewe, sipro haipati tena pa kushika. Majirani wote wa huyo bakteria wanakufa, yeye anabaki na mji mzima peke yake.

Papa Kyungu alinifundisha hayo kabla hajastaafu. Sikuyasoma mahali pengine ila baadaye.

Miaka ikapita, nami nikawa ndiye mzee wa maabara. Hospitali ikapewa mashine ndogo ya kuzidisha vipande vya uzi wa bakteria, nikapelekwa Lubumbashi kufundishwa kuitumia. Nilichaguliwa kwa sababu wenzangu wote walikuwa na udhuru. Huko ndiko nilikokutana na mikasi ya aina nyingine. Bakteria naye hushambuliwa na virusi, na ana vimeng'enya vya kuwakata. Kila kimeng'enya hutafuta herufi zake chache zilizofuatana, kikizikuta kinakata hapo na si kwingine. Uzi wake mwenyewe anaubandika alama ndogo ndogo ili mkasi usimkate mwenye nyumba. Watu wa maabara huvuna mikasi hiyo na kuitia kwenye vichupa, na ukiwa nayo unaweza kuuliza uzi wowote swali moja: herufi hizi unazo au huna? Ukikatika, unazo. Usipokatika, huna.

Nilirudi Likasi na kichupa kimoja cha mkasi huo ndani ya kasha la barafu. Kimeng'enya hakipendi joto. Tulipofika Kapolowe gari likaharibika. Dereva akafungua boneti, akaangalia ndani kwa muda mrefu bila kugusa kitu, akaenda kutafuta mtu. Jua lilikuwa kali na barafu yangu ikawa maji.

Pembeni mwa barabara palikuwa na mama anayeuza samaki wa ziwa Tshangalele, amewalaza kwenye barafu. Nikamwomba kidogo. Akataka kujua nimebeba nini. Nikasema nimebeba mkasi. Akaomba auone. Nikafungua kasha, nikamwonyesha kichupa kisichozidi kidole changu kidogo, na ndani yake tone moja la kitu kama maji. Akalitazama tone, akanitazama mimi, akaniuliza kwa upole kama nina ndugu Likasi. Nikasema ninao. Akanipa barafu nyingi kuliko niliyoomba. Nikanunua chumvi duka la jirani, nikaichanganya na barafu ile, maana barafu yenye chumvi hupoa kuliko barafu tupu. Nikaketi juu ya kasha mpaka gari likapona.

Mkasi ulifika ukiwa baridi na ukinuka samaki. Nikauweka kwenye friza. Kama ulikuwa bado hai, sikuwa na namna ya kujua kwa kuutazama.

Sasa nifike kwenye tumbo.

Papa Kyungu alipostaafu alihamia karibu na Kakontwe, mtaa wenye wapondaji mawe wengi wa machimbo ya chokaa. Mtu aliyefanya kazi maabara maisha yake yote, akihamia mtaa kama huo, hastaafu. Kila mwenye homa alipita kwake. Na Papa Kyungu, aliyenikatia uzi wangu wa nywele, alikuwa anawapa vidonge viwili vya sipro na kuwaambia wapumzike. Wakati mmoja nilimuuliza kwa nini anafanya hivyo wakati anajua. Akasema anajua. Akasema akiwatuma hospitali hawaendi, na akiwapa viwili angalau wanalala. Tukaongea habari nyingine.

Kisha yeye mwenyewe akapata homa. Yeye hakunywa viwili; alikunywa dozi nzima, kwa saa, kama inavyoandikwa vitabuni. Homa ikabaki palepale. Mke wake, Mama Albertine, alimleta hospitali kwa pikipiki, yeye akiwa nyuma amemkumbatia mumewe kama gunia la unga linaloweza kuanguka. Alipomshusha aliniambia, "Tangu alinioa, huyu muntu anasikilizaka tu mikroskopi. Basi mikroskopi imuambie."

Nikachukua damu yake. Alinielekeza mshipa, alinielekeza pembe ya sindano, na nilipomaliza alisema angefanya haraka zaidi. Nikaiotesha damu hiyo, bakteria wakaota, nao walikuwa wa homa ya matumbo. Nikawapanda kwenye sahani na kuweka juu yao viduara vya karatasi vyenye dawa, tunavyoviita disiki, kila kimoja na dawa yake. Kwa wale ambao hawajawahi kufanya, dawa ikifanya kazi unaona duara tupu kuzunguka karatasi, bakteria wamekimbia. Kuzunguka karatasi ya sipro hawakukimbia. Waliota mpaka kwenye ukingo wake, kama majani kwenye ukuta wa nyumba. Kuzunguka dawa ya sindano, ile tuliyokuwa tunaitunza kwa wagonjwa mahututi, palikuwa patupu na pasafi.

Daktari wa wodi alikuwa Dokta Ilunga, kijana makini aliyekuwa anasoma majibu ya maabara mpaka mwisho, jambo ambalo si la kawaida, nalisema bila kinyongo. Alisoma, akaagiza sindano ianze siku ileile. Papa Kyungu akakataa.

Hakukataa kwa woga. Alikataa kitaalamu, na hilo ni gumu zaidi. Alisema umeme ulikatika mara nyingi msimu ule, viduara vimekaa kwenye joto, na kiduara kilichopikwa na joto hakiui kitu. Kwa hiyo sahani yangu haithibitishi lolote. Akasema dawa ile ya sindano ndiyo ya mwisho tuliyo nayo, na kama tutaanza kuitumia kwa kubahatisha, mtaa mzima utaizoea kama ulivyoizoea sipro.

"Ngalula," aliniambia, "jua ya hapa inauaka disiki mbele ya mikrobe. Unilete kitu ya kweli."

Dokta Ilunga alivuta kiti akakaa karibu na kitanda. Alisema anaelewa hoja. Akasema pia kwamba ameshika tumbo lile na halipendi. "Papa, minye siko na muda ya kungoja. Utumbo yako inaweza kutoboka. Ikitoboka, tutazungumuza ku chumba ya upasuaji, na pengine hautakuwa unajibu."

Wakakubaliana kama wafanyabiashara. Ningepewa siku ya kesho yake. Kama sitakuwa na jibu kufikia jioni, sindano inaanza. Kama tumbo litakuwa gumu kabla ya hapo, sindano inaanza bila kumuuliza mtu. Papa Kyungu akakubali, kisha akatapika.

Nilitoka pale nimekasirika. Alikuwa na macho mekundu, midomo imepasuka, na alikuwa na hoja. Viduara vyangu kweli vilikaa kwenye joto. Mtu anaweza kuwa anakufa na bado akawa sahihi, na hilo linachosha sana wanaompenda.

Asubuhi nilienda kazini mapema. Niliwachemsha bakteria wake wafe, ili uzi ubaki majini. Siku hiyo kulikuwa na upasuaji, kwa hiyo jenereta iliwashwa, nami nikaomba waya mmoja. Mashine ikazidisha kipande kile cha uzi kinachobeba maelekezo ya kutengeneza jirazi, mahali hasa ambapo sipro hushika. Kwa bakteria wa kawaida, mahali hapo pana herufi ambazo mkasi wangu wa Kapolowe unazitafuta. Herufi moja ikibadilika, mkasi hauzioni, unapita. Hivyo nilikuwa natumia mkasi wa bakteria mmoja kupima mkasi wa bakteria mwingine. Sina uhakika kama wao kwa wao wangekubali.

Lakini subirini. Tuseme naweka mkasi na uzi haukatiki. Ni kwa sababu herufi imebadilika, au kwa sababu mkasi wangu ulikufa Kapolowe juani? Mnaoanza kazi, hapa ndipo wengi huanguka. Kutokutokea kwa jambo ni jibu pale tu unapojua kwamba lingeweza kutokea. Kwenye friza tulikuwa na bakteria wa homa ya matumbo wa zamani, tuliowahifadhi tangu enzi za Papa Kyungu, ambao sipro iliwaua bila taabu. Nikawachemsha na hao pia, nikawapitisha njia ileile. Mkasi ukikata uzi wa hao wa zamani, u hai. Hapo ndipo naweza kuamini utakachofanya kwa wa leo.

Nilichanganya. Mkasi hutiwa mwisho, baada ya vingine vyote, na kichupa hushikwa juu, kwenye kifuniko, maana vidole vina joto. Hautikiswi kwa nguvu. Unagongwa kidogo kwa kucha. Kisha unahitaji joto la mwili wa mtu kwa muda wa kama saa nzima. Nilipokuwa naviweka kwenye kabati la joto, upasuaji ukaisha. Jenereta ikazimwa. Kabati likaanza kupoa.

Nilifikiri kidogo. Joto la mwili wa mtu, na mimi ni mtu. Nikavifunga vichupa vizuri, nikavitia kwenye mfuko wa plastiki, mfuko ndani ya glovu, glovu nikaibana kwapani. Humo ndani hakukuwa na kilicho hai cha kuambukiza. Nikakaa kwenye kiti, mkono umebana, bila kufanya lolote.

Wakati huo Mama Albertine alikuja na akina mama watatu wa kanisa lake kuniombea. Waliambiwa na mtu kwamba nimebeba uponyaji wa Papa Kyungu. Walinikuta nimekaa nimebana kwapa, wakadhani nina maumivu, wakaniombea kwapa kwanza. Sikuwakatiza, kwa sababu ningelazimika kueleza. Mmoja akaniomba niinue mikono yote miwili. Nikainua mmoja. Wakaomba pia umeme urudi, kwa sauti kubwa, kwa majina ya viongozi wanaohusika. Walipoondoka, Mama Albertine alibaki mlangoni. Hakuwa analia. Aliniuliza kama kitu nilichokishika kinaweza kuharibika. Nikamwambia kinaweza. Akasema basi nisisimame, akaniletea maji, akaninywesha mwenyewe kama mgonjwa.

Umeme ulirudi alasiri. Sisemi chochote kuhusu hilo.

Nikapitisha vipande kwenye jeli, umeme unavivuta, vifupi vinakimbia mbele na virefu vinachelewa. Nikawasha taa yake. Upande wa bakteria wa zamani palikuwa na mistari miwili: uzi umekatwa, mkasi wa Kapolowe u hai, unanuka samaki lakini u hai. Upande wa Papa Kyungu palikuwa na mstari mmoja, mrefu, haujaguswa.

Nilipiga picha kwa simu, nikaenda wodini. Dokta Ilunga alikuwa pale, mkono wake uko juu ya tumbo la Papa Kyungu, na sura yake haikunifurahisha. Papa Kyungu alikuwa amefumba macho. Nikasema haukukatika.

Hakufumbua macho. "Na mukasi yako iko muzima?"

"Iko muzima, Papa. Nilipima na ile mikrobe ya zamani, ya wakati yako. Ile ilikatika."

Akaomba miwani. Mama Albertine akamvisha. Akaichukua simu kwa mikono miwili, akaileta karibu, akaipeleka mbali. Akauliza safu ipi ni ipi, nikamwonyesha. Akauliza kama nilitia mkasi mwisho. Nikasema ndiyo. Akauliza nilipasha joto wapi, kwa sababu alijua saa ngapi jenereta ilizimwa. Alikuwa anaisikiliza kutoka kitandani. Nikamwambia kwapani. Akatikisa kichwa kukubali, kama mtu anayesikia kwamba kazi imefanywa kwa utaratibu.

Kisha akaitazama picha ile mpaka simu ikajizima yenyewe.

"Huyu mikrobe," akasema, "minye njo nilimufundisha."

Nikamwambia haijulikani kama ni yeye. Nikamwambia bakteria wa namna hii wako nchi nyingi, wanasafiri na watu, huenda alikuja na lori kutoka mbali, tayari amebadilika. Nilisema ukweli; mpaka leo sijui alitoka wapi, na hakuna kipimo changu kinachoweza kusema. Papa Kyungu alisema inawezekana, kwa sauti ile ambayo mtu hutumia kumshukuru mwenzake. Akarudisha simu. Akamgeukia Dokta Ilunga na kunyoosha mkono wake.

"Basi choma."

Sindano ikaanza dakika ileile. Tumbo halikutoboka. Homa ilishuka taratibu, kwa uvivu, na akapungua uzito hata suruali yake ikabaki imeshikwa na mkanda tu. Siku aliyoruhusiwa kuondoka alipitia maabara, akakagua friza, akasema inanuka.

Baadaye nilisikia kwamba hagawi tena vidonge. Watu waliendelea kwenda kwake, naye akiwapeleka hospitali. Sisemi aliwatuma. Aliwapeleka, kwa miguu, na mwenyewe bado hana nguvu, anasimama njiani kupumua huku mgonjwa akimsubiri. Wagonjwa wengine walimshika mkono yeye. Akifika alikaa nao kwenye foleni mpaka damu itolewe, na hakuja upande wangu hata kusalimia.

Mmoja wao alikuwa Mama Bea, anayeuza makaa kwenye mtaa wao. Alikuwa na homa iliyokwenda na kurudi, na majibu yake yalipotoka yalikuwa kama ya Papa Kyungu: sahani ileile, mstari uleule mmoja usiokatika. Dokta Ilunga alikuwa ameshaagiza sindano. Nilitoka kwenda kumwambia, nikawakuta wamekaa kwenye benchi la nje, Papa Kyungu ameinama mbele, viwiko juu ya magoti, anaongea chini chini. Hawakuniona. Nikasimama mlangoni.

"Mama, ile dawa nilikupatia mu mwezi ile ingine, bile bidonge bibili," alikuwa anasema. "Ilikuwa kidogo. Nilijua kama iko kidogo. Usinisikilize tena juu ya dawa."

Mama Bea alifikiria. Alikuwa na homa, na mtu akiwa na homa hapendi kupewa habari mpya.

"Sasa shiye tutasikiliza nani, Papa?"

Papa Kyungu aliinua kichwa, akageuka, akaniona. Akaninyooshea kidole.

Nilikuwa nimevaa aproni ya mpira, na mkononi nimeshika kikopo cha kinyesi cha mtu mwingine. Mama Bea alinitazama mimi, akakitazama kikopo, akanitazama tena kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Sawa," akasema, akasimama, na kunifuata ndani.